Kazi, na Siku Mbili za Mashine



Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mama mmoja wa Likoni, bahasha ya kaki ameibana kwapani. Twajuana naye tangu siku za chuoni, kwa hivyo hapakuwa na haja ya utangulizi mrefu. Alikunywa kahawa yake, akatuuliza hali za watoto mmoja mmoja, kisha akaifungua ile bahasha na kuzipanga karatasi za bintiye juu ya mkeka: cheti cha kidato cha nne, cheti cha uhasibu, cheti cha nidhamu njema kutoka kwa polisi, nambari ya ushuru ya KRA, na nakala za barua za kuomba kazi, zote zimeandikwa kwa mkono wa mtu aliyesoma.

"Nimekuja muniombee kazi kwa jamaa zenu wa mjini," alisema. "Waambieni ni yatima, na figo zake zimekufa. Watamwonea huruma."

Binti mwenyewe twamfahamu. Ana miaka 27, na hivyo fiqhi haimwiti tena yatima, lakini hatukuwa na moyo wa kumsahihisha mama yule. Figo zake ziliacha kufanya kazi miaka mitatu iliyopita, kwa presha iliyokaa mwilini muda mrefu bila ya mtu kuijua. Tangu hapo huenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu na kila Alhamisi, saa nne kila mara. Kabla ya maradhi alikuwa karani wa hesabu katika duka moja la jumla, na tajiri wake wa zamani hadi leo husema hajapata mwingine wa kufunga hesabu za mwezi bila ya senti kupotea.

Tulimsikiliza mama hadi mwisho, na tukaona haya. Maneno aliyotuomba tuyapeleke kwa jamaa ndiyo yale yale tuliyowahi kuyapeleka sisi wenyewe kwa ajili ya mtu mwingine, na twakumbuka yalituletea nini. Mwaka juzi tulimwendea bwana mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tukamwombea kijana wetu mwenye ugonjwa wa selimundu. Tulianza na ugonjwa. Tukaeleza maumivu ya mifupa, tukaeleza kuongezwa damu, tukaeleza machozi ya mamake. Ujuzi wake wa kompyuta tulikuja kuutaja mwishoni, tukiwa tumeshasimama kuaga. Yule bwana alisikitika kwelikweli. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa shilingi 1,000, akasema, "Mpeni anunue dawa." Tulimshukuru tukatoka, na tulikuwa tumefika mwisho wa barabara ndipo mmoja wetu aliposema: lakini hatukuja kuomba sadaka.

Hatumlaumu bwana yule. Tulimpelekea habari za mgonjwa, naye akafanya lile ambalo Muislamu humfanyia mgonjwa. Habari za mfanyakazi hatukumpa.

Hapa kwetu Pwani kazi nyingi hazipiti gazetini. Hupita kwa ami, kwa mjomba, kwa jirani aliyekaa na tajiri msikitini, kwa mama aliyekutana na mwenye shule arusini. Ni njia njema na imelisha nyumba nyingi. Lakini kwa mtu mwenye maradhi ya kudumu ina hatari yake, kwa sababu siri ya mwili wake humtangulia kabla ya yeye mwenyewe kufika, na humfikia mwajiri ikiwa imekuzwa kwa huruma. Na ajabu ya mambo ni kwamba nyumba hizo hizo huuficha ugonjwa huo huo wachumba wanapobisha hodi. Kwa wachumba twauficha, kwa matajiri twautangaza! Mchumba ana haki ya kujua kabla ya kufunga ndoa. Mwenye duka, siku ya kwanza, hana haja nao.

Basi tulimrudishia mama karatasi zake, tukamwomba amlete binti mwenyewe Jumamosi. Haya tunayoyaandika leo ni yale tuliyozungumza naye, na tumemwomba ruhusa ya kuyaandika, kwani twajua bahasha za namna hii zimo katika nyumba nyingi za wasomaji wetu: za figo, za kisukari cha sindano, za selimundu, za saratani inayotibiwa miezi na miezi.

Tulianza na hesabu, kwa kuwa yeye ni mtu wa hesabu. Mara mbili kwa wiki ni mara 104 kwa mwaka. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Likizo ya mwaka haipungui siku 21 za kazi. Mwenye kujumlisha zote, hata akikubali kutopumzika siku moja kwa ajili ya Idi wala arusi ya ndugu yake, atapata 35. Akianza Januari, mwezi wa tano ukiingia hana tena siku yoyote ya kuomba, na mashine bado yamngoja mara mbili kila wiki.

Binti alikitazama kile kikaratasi kwa muda. Miaka mitatu alikuwa akijiuliza ni mwajiri gani atakayempa ruhusa nyingi kiasi hicho, na jibu ni kwamba hayupo. Mgonjwa wa mashine asiombe ruhusa za siku. Aombe mpango wa saa. Saa nne za kusafishwa, pamoja na kuunganishwa, kufunguliwa na kungoja damu ikatike, ni kama saa tano au sita. Zikianza alfajiri Jumatatu, siku nzima ya kazi imekwenda. Zikianza alasiri, imekwenda nusu ya siku au chini yake. Na kama mojawapo ya siku hizo ni Jumamosi, siku ambayo ofisi nyingi hufunga adhuhuri, mwajiri huenda asihisi kitu.

Kwa hivyo mtu wa kwanza wa kuonwa katika safari ya kutafuta kazi ni muuguzi anayeshika orodha ya zamu hospitalini. Vitengo vingi vya kusafisha damu hufanya kazi kwa zamu, ya alfajiri, ya mchana, na kwingine ya jioni. Nafasi ya zamu haipatikani siku unayoiomba. Hupatikana mtu anapohamia mji mwingine, anapojaaliwa kupandikizwa figo, au, Mwenyezi Mungu awarehemu, anapofariki. Lakini asiyeandikisha jina hapati kamwe, na binti wetu hakuwa ameandikisha. Alidhani siku alizopewa ni kama siku ya kuzaliwa, hazibadiliki. Jumatatu iliyofuata aliomba Jumatano na Jumamosi, zamu ya mchana. Wamemwandika.

Na anayepata kazi ya mji mwingine, iwe Voi, Malindi au Nairobi, afanye vivyo hivyo: nafasi kwenye mashine ya huko ithibitishwe kabla ya kutia sahihi. Tangu 2015, serikali ilipoanza kupeleka mashine katika hospitali za kaunti, jambo hili limekuwa rahisi kuliko lilivyokuwa, lakini mashine kuwepo na nafasi kuwepo ni mambo mawili.

Hapo ndipo aliposimulia jambo ambalo mamake, aliyekuwa ameketi pembeni akikunja ushungi wake, hakuwa akilijua. Mwaka jana aliitwa kwenye mahojiano ya kazi katika ofisi moja ya kuhudumia mizigo ya bandarini. Siku ni Jumatatu, saa mbili asubuhi. Alifurahi kiasi cha kutolala. Hakumwambia mtu. Alipiga simu hospitali akasema atakuja Jumanne badala yake, akavaa buibui lake jipya, akavuka kivuko na mapema. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu na lifti ilikuwa mbovu.

"Nilipofika juu nilikuwa nahema kama mtu aliyekimbizwa," alisema. "Wakaniuliza, wewe u mgonjwa? Nikasema la."

Jumanne mashine zote zilikuwa na watu. Usiku ule hakuweza kulala chali. Kila akilala pumzi yakatika, kwa sababu maji ambayo figo haziwezi kuyatoa yalikuwa yamepanda mapafuni. Alfajiri nduguye alimpeleka hospitali, akalazwa. Nyumbani waliambiwa ni homa ya mapafu. Kazi hakuipata.

Mamake hakusema kitu. Alinyanyuka akaenda kutia udhu, ingawa wakati wa sala ulikuwa bado.

Tunawaomba wasomaji wetu walizingatie hili kuliko mengine yote tuliyoyaandika humu. Tangu Alhamisi hadi Jumatatu ni siku nne, na huo ndio muda mrefu zaidi kati ya mashine na mashine kwa mtu wa siku mbili. Si maji peke yake yanayojaa. Potasiamu hukusanyika damuni, na ikizidi huweza kuusimamisha moyo bila ya kubisha hodi. Hakuna mahojiano yanayostahili kubadilishwa na siku ya mashine. Mwenye kisukari asiruke mlo wala sindano yake kwa sababu foleni ya mahojiano ni ndefu. Aweke kitu kitamu mkobani. Mwenye selimundu asikae kutwa juani bila ya maji. Kazi itatafutwa tena.

Tukamuuliza: je, ungewapigia simu ile ofisi ukaomba siku nyingine, wangesemaje? Hakujua, kwa kuwa hakujaribu. Alihofia kwamba kuomba kubadilishiwa siku ni kuonyesha udhaifu. Basi tukafanya zoezi, sisi tukiwa ofisi na yeye akiwa yeye. Mara ya kwanza alieleza ugonjwa wote tangu presha. Mara ya pili aliomba radhi mara nne. Mara ya tatu alisema: "Nashukuru kwa kuniita. Jumatatu asubuhi nina miadi ya hospitali isiyoahirishika. Naweza kuja Jumanne saa yoyote, au siku nyingine itakayowafaa." Maneno hayo yatosha. Mwenye haja ya karani wa hesabu huweza kusogeza siku moja. Na atakayekataa hata hilo amekupa habari ya bure kuhusu namna atakavyokuwa mwezi wa sita. Na Jumanne haikuchaguliwa ovyo. Siku inayofuata mashine ndiyo ambayo mwili wake huwa na nguvu. Siku yenyewe ya mashine presha hushuka na kichwa huwa kizito.

Tukaja kwenye wasifu wake. Baina ya kazi ya zamani na leo palikuwa na miaka mitatu mitupu, na alikuwa ameandika hapo, kwa uaminifu wake, "kuugua". Tulimwomba alifute neno hilo. Si kwa sababu ni aibu, bali kwa sababu si kweli yote. Katika miaka hiyo mitatu yeye ndiye aliyekuwa akiandika hesabu za chama cha akina mama wa mtaa wao, michango ya kila wiki, mikopo, na fedha za mazishi. Na ndiye aliyekuwa akiweka daftari la ada za madrasa. Kazi hiyo nyingine aliifanya kitandani mwa hospitali, mkono mmoja mashineni, mwingine ukishika kalamu. Alipoulizwa mbona hakuiandika, alijibu kwamba ile si kazi, hakuwa akilipwa. Twasema: hesabu ya chama cha wanawake 40 ambayo haikuzua ugomvi hata siku moja ni kazi, na anayebisha na ajaribu.

Sasa, ni lini aseme? Swali hili huwasumbua watu wenye dini kwa namna ya pekee, kwa kuwa huogopa kwamba kunyamaza ni kudanganya. Hatuoni hivyo. Kunyamaza juu ya jambo ambalo hujaulizwa na ambalo halikuzuii kufanya kazi ni kuhifadhi sitara yako. Kusema "la" ulipoulizwa, kama alivyosema kwenye ghorofa ya tatu, ndiko kulikomkosesha usingizi. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 27, yakataza mtu kubaguliwa kwa hali ya afya yake, na Ibara ya 31 yalinda faragha ya mambo yake ya ndani yasiyohitajika kutolewa. Sheria ya Ajira nayo humlinda dhidi ya ubaguzi hata yule ambaye bado anaomba kazi, na ulemavu umetajwa humo waziwazi. Watu wetu hulikimbia neno ulemavu. Wasilikimbie haraka, kwani Katiba, katika Ibara ya 260, imelipa maana pana inayoingiza pia ugonjwa wenye athari ya muda mrefu katika shughuli za mtu za kila siku.

Kwa hivyo barua ya maombi isitaje maradhi, wala wasifu. Fomu ikiuliza waziwazi, ijibiwe kwa ukweli na kwa ufupi, kwa sababu uwongo ulioandikwa kwa mkono wako huweza kuja kukutoa kazini baada ya mwaka, na hapo hutakuwa na la kujitetea. Na wakati wa kusema wenyewe, kwa maoni yetu, ni pale mwajiri anaposema "tunakutaka" na mkataba bado haujatiwa sahihi. Kabla ya hapo hana sababu ya kukusikiliza. Baada ya hapo ataona umemvizia. Aseme saa kwanza: siku fulani nitaondoka saa saba mchana, nitafidia kwa kuingia saa moja asubuhi siku nyingine. Aseme ni matibabu ya kudumu yenye ratiba, na kwamba hayaambukizi, kwa sababu hilo la kuambukiza watu huliwaza hata wasipoliuliza. Barua ya daktari nayo yatosha ikieleza saa anazohitaji na mambo asiyopaswa kufanya. Na yote mliyokubaliana yaandikwe. Mkubwa wa leo aliyekuelewa huweza kuhamishwa kesho, na mwenye kuja nyuma yake atatazama karatasi.

Jambo moja ambalo lazima liwemo katika barua hiyo ni mkono wake wa kushoto. Madaktari waliuunganisha mshipa wa ateri na wa vena hapo ili sindano za mashine zipate njia. Ukiweka vidole juu yake wasikia mtetemo, kama paka anayekoroma. Mkono huo haubebi mzigo mzito, hauvai bangili ya kubana wala saa, wala haupimwi presha. Buibui lausitiri kabisa, na hiyo ni neema na ni mtihani pia, kwa sababu madukani kwetu karani ni karani mpaka gari la mzigo lifike. Hapo kila mtu huambiwa ashike gunia. Anayeombwa hajui, na anayeomba hajui. Tulimshauri ausemee mkono huo siku ya kwanza ya kazi, kwa wenzake, kwa sentensi moja, bila ya hadithi ya figo.

Kuna swali ambalo yeye ndiye wa kuliuliza, na wengi hawaliulizi kwa kuona haya ya kuzungumzia fedha: je, makato ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hupelekwa kila mwezi? Tangu Oktoba 2024, ilipoingia mahali pa NHIF, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na kima cha chini ni shilingi 300. Mshahara wa shilingi 30,000 hukatwa 825. Kwa mfanyakazi mwingine, mwajiri akichelewa kupeleka, ni karaha tu ya kushughulikiwa siku atakayougua. Kwake yeye siku ya kuugua ni Jumatatu hii na Alhamisi hii. Akifika dirishani akaambiwa mchango wake hauonekani, mashine iko mbele yake na hawezi kuilipia. Kwa hivyo mwajiri anayetoa mshahara mkubwa taslimu bila ya hati ya malipo huenda ni wa hasara kuliko yule wa mshahara mdogo anayepeleka makato kwa wakati. Na ofisi ikiwa na bima yake ya kibinafsi juu ya hiyo, aulize inasema nini juu ya maradhi aliyokuja nayo mtu, kwani bima nyingi zina masharti hapo.

Likiwa lengo ni kuendelea na kazi na si kuipata tu, ajue pia kwamba mwajiri haruhusiwi kumwachisha kwa sababu ya kutoweza kwa mwili bila ya kwanza kumweleza sababu, kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua, na kumsikiliza. Ni Sheria ya Ajira hiyo hiyo. Hatumtakii kuihitaji.

Mama aliporudi kutoka kwenye udhu tulizungumza naye pia, na sehemu hii ni ya mama zetu. Binti akipata kazi, nyumba nayo imepata kazi. Siku ya mashine atashuka akiwa amechoka, na kuvuka kutoka kisiwani hadi Likoni jioni, katika umati ule wa kivukoni, si jambo la kufanya peke yake, nduguye amngoje. Chakula cha kazini kitoke nyumbani, kwa sababu ukarimu wetu wa Pwani ni mtihani mkubwa kwa mgonjwa wa figo. Mgeni hupewa dafu, hupewa tende, hupewa ndizi mbivu, na vyote hivyo vimejaa potasiamu ile ile. Maji yenyewe hunywa kwa kipimo, na katika joto la Februari kipimo hicho ni adhabu. Muhogo na viazi vikatwe vidogo, vichemshwe, maji yamwagwe, vichemshwe tena kwa maji mapya. Papa wa ng'onda na achari zikae mbali naye, kwani chumvi huleta kiu na kiu huleta maji. Na afundishwe kukataa kwa adabu, kwa sababu akifika kazini siku ya kwanza wataleta sharubati, na akiona haya ya kukataa atainywa.

Mama alisikiliza yote hayo, kisha akasema lile lililokuwa moyoni mwake tangu mwanzo: "Mimi nilitaka akae nyumbani. Nilimwombea kazi kwa sababu yeye anataka. Mimi nikimwona amelala najua yuko hai."

Hatukuwa na jibu. Binti ndiye aliyejibu, kwa upole: "Mama, nikilala kutwa, mimi ndiye nisiyejua kama niko hai."

Jumapili tulimpigia simu jamaa mmoja mwenye ofisi ndogo ya kuagiza bidhaa, ambaye tulijua anamtafuta karani. Safari hii tulijichunga. Tulisema tunaye karani wa hesabu, tukamtaja tajiri wake wa zamani ili aulizwe, tukazitaja hesabu za chama, tukasema kuna siku mbili katika wiki ambazo hutoka mapema na mwenyewe atamweleza. Jamaa aliuliza maswali mawili, yote ya kodi na kompyuta. Tukamwambia muulize mwenyewe. Akampa Jumanne, saa nne asubuhi.

Alikwenda. Alimaliza zoezi la hesabu walilompa, akaonyesha kosa lililokuwamo ndani ya zoezi lenyewe. Jamaa alisema anamtaka. Hapo naye akasema ya kwake: saa, fidia, mkono wa kushoto. Jamaa alinyamaza kidogo, akasema Jumatano haina tatizo, lakini Jumamosi adhuhuri ndipo wanapohesabu bidhaa za ghala, na karani lazima awepo. Akamuuliza kama zamu yake yaweza kuanza saa tisa. Hajui bado. Orodha iko kwa muuguzi, na jina lake ni la tatu. Wameagana kwamba watazungumza tena akipata jibu, na jamaa amesema atangoja hadi mwisho wa mwezi.

Mama alikuja juzi kutupa habari hizo, bahasha yake kwapani kama kawaida. Alipokuwa akiondoka alisimama mlangoni.

"Kwa hivyo hamkumwambia kuwa ni yatima?"

Tukamjibu kwamba hatukumwambia.